Bakuli la Dirishani

Mama yangu haibi, na mimi simnyimi chakula. Nalisema mapema kwa sababu Mama Pacha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alipoona friji yangu imefungwa kwa kamba alitoka mbio kuutangazia mtaa kwamba bibi wa watu anakufa njaa ndani huku binti yake anaoka keki. Mama Pacha ni mtu mwema. Mchana nikiwa kazini ndiye anayempa mama chakula, na hataki hata asante. Ila mdomo wake hauna breki.

Kamba ile ilikuwa ya kulinda rojo la keki.

Kutwa nzima nasimama kwa dobi, napiga pasi. Mashati, mashuka ya nyumba ya wageni, suruali ambazo mwenyewe anataka mstari uwe kama wembe. Jioni nikirudi, bega la kulia ni langu kwa jina tu. Keki ndiyo kazi yangu ya pili. Naoka za watu: mtoto katimiza mwaka, ofisi inamuaga mtu, mama kajisikia tu kula kitu kitamu na mumewe kakubali. Mashine yangu ya kukoroga iliungua zamani na sijapata nyingine, kwa hiyo nakoroga kwa mwiko. Kupiga siagi na sukari mpaka viwe vyeupe kunataka mkono, na mkono wangu unapatikana asubuhi tu. Basi nakoroga asubuhi kabla sijatoka, naoka jioni nikirudi.

Shida ni mchana ulio katikati. Rojo lina mayai mabichi na maziwa. Ukiliacha mezani kwenye joto halikupigii kelele. Linakaa hapo linang'aa, zuri kuliko ulivyoliacha, huku ndani vijidudu vinafanya harusi. Kwa hiyo nina utaratibu wangu na siubadilishi kwa ajili ya mtu. Beking pauda siitii asubuhi, maana ikishaonja maji inaanza kazi papo hapo, na mpaka jioni inakuwa imechoka kama mimi. Rojo nalimimina kwenye bakuli pana lisilo na kina, ili baridi ifike mpaka katikati. Nalifunika kwa nailoni iliyogusa uso wake lisiote ngozi. Halafu nalisukuma nyuma kabisa ya friji, shelfu ya chini, mbali na mlango ambako kila anayetafuta maji anaingiza joto. Jioni natia pauda, nalipeleka motoni. Likilala zaidi ya hapo, namwaga, hata roho iniume vipi.

Sasa mama. Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate tangu mimi sijazaliwa mpaka magoti yalipogoma. Mtaa mzima unamwita Bi Hamira, hata watoto. Na mkate, tofauti na keki yangu, adui yake ni baridi. Donge lililokandwa na hamira linataka vuguvugu, lifunikwe, liachwe liumuke kwa raha zake. Kule kiwandani kwao mtu aliyesahau donge karibu na mlango wakati wa baridi alisemwa mpaka akajuta kuzaliwa, na msemaji mkuu alikuwa mama.

Kumbukumbu zake zilianza kuchomoka moja moja, kama vifungo vya shati kuukuu. Alisahau jina la mtaa. Akasahau kama amekula. Akasahau kwamba baba alishafariki, na ilibidi tumwambie, kisha tukaacha kumwambia. Lakini donge hakulisahau.

Siku ya kwanza nilirudi nikamkuta amekaa kwenye kiti chake dirishani, pale jua la alasiri linapopiga. Kando yake, juu ya kizingiti cha dirisha, kulikuwa na kitu kimeviringishwa kwenye sweta lake la kijivu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ongea polepole, limelala."

Nikafunua sweta. Lilikuwa bakuli langu. Nililigusa ubavuni, lilikuwa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto.

"Nani kaliweka kwenye friji?" akaniuliza, na macho yake yalikuwa makali kama zamani. "Donge la watu! Limepoa mpaka limelegea, maskini. Nimeliwahi."

"Mama, hili si donge. Ni rojo la keki."

"Keki gani inayolazwa kwenye barafu?"

Nilipolimwaga alilia. Alilia kweli, kwa kwikwi, ameshika ncha ya mtandio wake, ananitazama kama nimemwaga mkate wa watu chooni. Na mimi nilikuwa nimechoka, nikamwambia anyamaze kwa sauti ambayo sikuipenda.

Nikabandika karatasi kwenye mlango wa friji, kwa herufi kubwa, kwa sababu kusoma bado anasoma: USITOE BAKULI. Nikaenda zangu kazini moyo mweupe. Jioni nikakuta bakuli limo ndani ya friji, safi, tupu, na rojo limo kwenye sufuria dirishani, limevaa sweta.

"Mama, hukuona karatasi?"

"Nimeiona. Imesema nisitoe bakuli. Bakuli si hilo hapo?"

Sikujua nicheke au nikae chini sakafuni. Nadhani nilifanya vyote.

Ndipo ikaja kamba, na tangazo la Mama Pacha. Kamba nayo haikufua dafu. Niliikuta mezani imekunjwa vizuri, mafundo yote yamefunguliwa na vidole ambavyo haviwezi tena kufunga kifungo cha gauni. Nilifikiria kufuli. Nilifika mpaka dukani, nikalishika mkononi, nikalirudisha. Maji yake baridi yamo kwenye friji ile, na maziwa yake. Na zaidi ya hayo, sikutaka mama yangu akae kwenye nyumba ambayo milango yake inamkatalia.

Nyumba ya namna hiyo tayari ipo, ni ya kaka yangu. Ni nyumba nzuri, ina geti, ina msichana wa kazi, jikoni kunafungwa kwa ufunguo. Mama alishawahi kukaa huko. Kila asubuhi alivaa viatu, akachukua mkoba wake, akakaa mlangoni akisubiri kurudishwa kwake. Wifi yangu alimwambia "kesho, mama" mpaka mama akaacha kuuliza, na alipoacha kuuliza akaacha na kula. Nilipokwenda kumchukua, sweta lile la kijivu lilimpwaya kama limetundikwa kwenye msumari. Tangu siku hiyo najua jambo moja: akirudi kule, hatoki.

Kaka alipata habari za friji. Sina haja ya kusema alizipata kwa nani.

"Mdogo wangu," aliniambia kwenye simu, "leo ni rojo. Kesho atafungulia gesi aende zake dirishani. Nakuja Ijumaa nione mwenyewe. Nikikuta mambo ni yale yale, naondoka naye. Na wewe upumzike, unajiua."

Nilipokata simu nilijiuliza swali baya: hivi akimchukua, nitapata usingizi? Nikajijibu kwamba nitapata, tena mzito. Halafu nikalia, kwa sababu nilijua jibu ni la kweli.

Ijumaa hiyo nilikuwa na keki ya chekechea. Mwalimu wao alikuwa anaifuata kesho yake asubuhi, shule inafunga kwa sherehe Jumamosi hiyo, kila mtoto apate kipande kimoja. Nilikoroga rojo kubwa kuliko kawaida, mayai yote ya ndani yakaishia humo, nikalifunika, nikalisukuma nyuma. Sikuwa na wasiwasi. Kaka alikuwa anafika kabla ya mchana, atakaa na mama mpaka nirudi, na mtu mzima mwenye macho mawili hawezi kupitwa na bakuli.

Niliporudi, kaka alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, soksi juu, simu usoni. Mama alikuwa dirishani, uso umetulia.

"Unaona?" kaka alininong'oneza kwa furaha. "Katulia mchana kutwa. Hana neno. Yuko na paka wake tu."

"Paka gani?"

"Si yule aliyemfunika sweta."

"Kaka, sisi hatuna paka."

Akakaa kitako. Tukatazamana. Nikaenda dirishani, nikafunua, na lilikuwa rojo la watoto wa chekechea, limeota vipovu vidogo pembeni, limekunywa jua lote la siku ile. Kaka akasimama nyuma yangu. Nilisikia akivuta pumzi, na nikajua tayari anapanga sanduku la mama kichwani.

"Basi," akasema. "Nimeona."

"Wewe ulikuwepo," nikamwambia. "Ulikuwepo hapa hapa, umelala na simu. Usiniambie umeona, hukuona kitu!"

"Ndiyo maana nasema! Kama mimi nikiwepo inatokea, je nisipokuwepo?"

Mayai yalikuwa yameisha, bega lilikuwa limekufa, na ilinibidi nioke kitu. Kaka akalitazama bakuli, akanitazama mimi, nadhani akanionea huruma.

"Si unaoka tu?" akasema. "Moto utaua kila kitu humo."

Nilijua si kweli. Vijidudu vinakufa, lakini kuna sumu vinayoiacha ambayo moto hauiwezi, na mwenye kuipata ni tumbo la mtoto. Nilijua vizuri kabisa. Lakini nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitamani iwe kweli, na mikono yangu ikaanza kwenda yenyewe. Nikawasha oveni. Nikapaka trei siagi. Nikatia pauda, nikakoroga mara moja moja, nikamimina. Nilikuwa najiambia kwamba bado sijaamua, na huku trei ilikuwa imejaa.

Mama akaja. Sijui ni joto la oveni lililomwita au mlio wa mwiko. Alikuja na mwendo wake wa kukokota, akasimama mezani, akainamisha kichwa juu ya trei akanusa. Akachovya ncha ya kidole. Hakulamba, alikisugua na kidole gumba, akanusa tena.

"Hiki kimeharibika," akasema.

"Una uhakika, mama?" kaka akauliza.

Alinitazama mimi. "Ni cha nani?"

"Cha watoto wa chekechea."

"Watoto!" Akasogeza trei mbali na oveni kwa mikono miwili. "Watoto wadogo, mnataka kuwapa uchafu huu? Kimekaa kwenye joto hiki, kimekaa sana. Nani kakiacha nje? Ni mzembe gani huyo?"

Kaka akafungua mdomo. Najua alitaka kusema nini, na hata sikumlaumu, ilikuwa kweli tupu. Nikamwahi.

"Ni mimi, mama. Nilisahau."

Nikasubiri kusemwa. Nimekua nikisemwa na mwanamke yule kuhusu unga, nilijua inavyokuwa. Lakini aliweka kiganja chake, bado kina unyevu wa rojo, juu ya bega langu lile la kulia.

"Umechoka," akasema. "Mtu akichoka anasahau. Kaa chini, mwanangu."

Nikakaa. Tangu sijui lini, hakuna mtu aliyekuwa ameniambia nikae. Nilifunika uso kwa aproni nikaacha machozi yatoke, na mama akachukua trei, akaimwaga yote kwenye ndoo ya taka, akaikwangua kwa mwiko mpaka pembeni, akanawa mikono hadi viwiko kama alivyokuwa akinawa kiwandani. Kaka alisimama katikati ya jiko hajui aweke wapi mikono yake. Baadaye nikasikia mlango. Alikuwa ameenda kununua mayai, na viatu alivyovaa vilikuwa vyangu.

Aliporudi alikunja mikono ya shati lake la ofisini, lile ambalo wifi anampigia pasi, akapiga siagi kwa mwiko mpaka jasho likamtoka puani. Alitukana kimoyomoyo, tena si kimoyomoyo sana. Mama alisimama kando yake.

"Zungusha kwa bega. Si kiwiko. Wewe unafukuza nzi?"

Keki ilitoka imeinama upande mmoja. Mwalimu wa chekechea aliikagua asubuhi, akasema watoto hawatajali, na ni kweli hawakujali. Mchana kaka akaondoka, na sanduku alilobeba lilikuwa lake peke yake.

"Abaki," aliniambia mlangoni. "Ila tafuta namna. Mara nyingine sitakuwepo kukukorogea." Akajisugua bega. "Na Mungu ashukuriwe."

Namna yenyewe ilinijia nikiwa kwenye pasi, katikati ya shuka. Mama hakuwa na haja na rojo langu. Alikuwa anatafuta donge. Kila siku alifungua friji akakuta unga umeachwa kwenye baridi, akafanya kile ambacho mikono yake imefanya maisha yake yote, na kila siku mimi nilikuwa namnyang'anya. Basi asubuhi iliyofuata, nikishamaliza rojo, nilichukua unga kidogo, hamira, chumvi na maji, nikakanda donge dogo la mkate. Rojo nikalisukuma nyuma, nikalizungushia vyombo. Donge nikaliweka mbele kabisa, kwenye bakuli linalofanana na lile, ili mkono wake ulifikie kwanza.

Jioni nilikuta rojo limelala baridi mahali pake. Dirishani, chini ya sweta la kijivu, donge lilikuwa limeumuka mpaka limegusa nailoni, laini, linanukia. Na mama alikuwa amekaa kando yake na uso wa mtu aliyekuwa kazini.

"Huyu wa leo alikuwa mkaidi," aliniambia. "Nimembembeleza."

Tukala mkate wa moto. Kesho yake tukala tena. Usidhani nilipumzika, la; nilikuwa nimejiongezea kazi juu ya kazi, na kuna asubuhi nilikanda donge lile nikiwa nalilaani. Lakini karatasi niliibandua, na kamba nikaanikia nguo. Mikate ilituzidi, nikawa nampa Mama Pacha kwa ajili ya wale pacha wake, naye akautangazia mtaa kwamba Bi Hamira amerudi kazini. Watu wakawa wanapita dirishani wanamsalimia. "Bi Hamira, limeumuka?" Naye anawanyamazisha kwa kidole, kwamba bado, msilishtue. Kaka akipiga simu alikuwa anauliza kama kiwanda kinaajiri.

Tuliishi hivyo kwa muda mzuri. Mvua zilikuja zikaisha, na wale pacha wakaanza shule.

Jana nilirudi jua likiwa bado dirishani. Kizingiti kilikuwa kitupu. Nikafungua friji haraka, kwa mazoea ya zamani, nikidhani amekosea akachukua la nyuma. Hakukosea. Rojo lilikuwa nyuma, baridi, uso laini, hakuna aliyeligusa. Na donge lilikuwa mbele, pale pale nilipoliweka asubuhi. Lilikuwa dogo na gumu.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Sweta lilikuwa limeangukia sakafuni. Alikuwa anatazama nje, si kwa huzuni wala kwa raha.

"Shikamoo, mama."

Aligeuka, akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia nyumba ambayo si yake. Hakuitikia.

Simu ikalia. Alikuwa kaka.

"Vipi huko? Bi Hamira kafungua friji leo?"

"Hapana," nikasema. "Leo hajagusa kitu."

"Ah, afadhali. Unaona, hatimaye anazoea. Rojo lako liko salama?"

"Liko salama."

"Haya, msalimie."

Nikatoa donge kwenye friji. Nikaokota sweta, nikalifunika bakuli vizuri kama anavyolifunika yeye, ncha zikikutana chini, nikamwekea mapajani. Nikachukua mikono yake nikaiweka juu. Ilikaa pale nilipoiweka.

"Ni donge, mama. Lilikuwa kwenye friji. Limepoa."

Alilitazama. Nilisubiri anigombeze. Nilitamani anigombeze, aniite mzembe, aniseme mpaka kwa Mama Pacha kusikike.

"Kuna baridi," akasema taratibu, na akajikunyata.

Nikalivua bakuli sweta lile, nikamvika yeye. Nilifunga vifungo vyote mpaka shingoni, nikavuta stuli nikakaa karibu naye. Keki ya watu ilikuwa inasubiri kwenye friji, na ilikuwa baridi vya kutosha, inaweza kungoja. Niliishika mikono yake hapo dirishani mpaka ikaanza kupata joto.